Siku moja maishani mwangu: Tabora hadi Kigoma kwa ndege niliyoiunda mwenyewe

Saa 10 alfajiri. Kitu cha kwanza ni kutoka nje kutazama anga. Julai hapa Tabora hainyeshi, lakini ni msimu wa kuchoma mashamba na misitu, na moshi unaweza kuficha upeo wa macho kabisa. Leo nyota zinaonekana mpaka chini. Tunakwenda.

Saa 12. Niko uwanjani na rafiki yangu, muuguzi, mzaliwa wa Ujiji. Kwa treni angelala njiani usiku kucha kumfikia mama yake. Namwomba apande mizani pamoja na begi lake. Hapendi, ila anapanda. Kwa siku ya kubeba watu, namba hiyo ndiyo inayoamua kila kitu.

Ndege yangu ni Zenith CH 750, ya watu wawili, iliyobuniwa na Chris Heintz. Vipande vilitoka Mexico, mji ulioko Missouri, Marekani, nami nikaviunganisha bati kwa bati, ribiti kwa ribiti. Injini ni Rotax 912 ya nguvu farasi 100. Nahakikisha swichi zote zimezimwa, kisha nazungusha panga boi kwa mkono, taratibu, mpaka tangi la oili licheue. Hapo ndipo kijiti cha kupimia oili kinasema kweli, kwa sababu oili yote imerudi tangini. Natoa petroli kidogo chini ya kila tangi, naiinua kwenye mwanga kutafuta maji na uchafu. Rafiki yangu ananiuliza kwa nini nagusa kila kitu. Namjibu kwamba nitaendelea kugusa hata siku akija waziri.

Kabla ya kufunga mkanda, namsomea kibandiko kilicho mbele ya kiti chake: ndege hii imeundwa na mtu binafsi, haikupitia uthibitisho wa ndege za abiria. Simtozi nauli pia. Leseni ya rubani binafsi hainiruhusu. Ana haki ya kushuka. Anasema, "Kaka, twende."

Saa 1 na dakika 10. Jua limechomoza. Uwanja wa Tabora uko karibu mita 1,180 juu ya usawa wa bahari, na hapa saa ina maana kuliko mahali pengi. Asubuhi hewa ni baridi na nzito, bawa linashika. Mchana joto likifika nyuzi 30, hewa inakuwa nyepesi kana kwamba uwanja umepandishwa hadi mita 2,000: injini inapungua nguvu, panga boi linavuta kidogo, na ndege inahitaji njia ndefu zaidi kuinuka. Ndiyo maana simpakizi mtu hapa saa 8 mchana, hata akiwa nani.

Tunapanda hadi futi 6,500. Ukielekea magharibi unachukua elfu za futi zilizo shufwa (4,000, 6,000) na kuongeza mia tano. Anayekuja mashariki anachukua za witiri, hivyo hamkutani uso kwa uso. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 350. Mimi sinyooshi. Nafuata Reli ya Kati, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, kwa sababu pembeni yake kuna vijiji, mashamba na watu. Huko kwingine ni miombo tupu, na injini ikizima juu ya miombo huna pa kuchagua. Dakika chache za ziada nazilipa kwa moyo mweupe.

Urambo, kisha Kaliua. Baada ya Nguruka, mabwawa ya Malagarasi yanajitandaza, maji na nyasi hadi jicho linapochoka. Rafiki yangu amepita hapa miaka yote kwa treni, usiku, akiwa amelala. Anabandika paji la uso kwenye dirisha, hanisemeshi mpaka Uvinza.

Saa 3 na robo. Kigoma. Upepo wa kusi umetusukuma vizuri.

Hadi saa 6 ni zamu za marafiki kurushwa angani, mmoja mmoja. Aliyenifurahisha zaidi ni mvuvi wa Katonga. Amevaa jaketi la kuokolea kama anavyovaa kila usiku akienda kuvua dagaa kwa taa. Juu ya ziwa siendi mbali kuliko ndege inavyoweza kuteleza hadi ufukweni injini ikinyamaza. Ndani ya mipaka hiyo yeye ndiye aliyeniongoza. Alinionyesha mto Luiche unapoingilia ziwani kusini ya Ujiji, na rangi ya maji inavyobadilika kina kinapoanza. Mimi nilikuwa naona bluu tu.

Saa 6. Joto limefika, nafunga zamu. Waliobaki wawili wamenuna. Nawaahidi asubuhi ya safari ijayo, na sibadilishi neno. Ugali na migebuka, kisha kuchuja petroli ya madumu kwa faneli yenye chujio.

Saa 8 na nusu. Mama yake rafiki yangu anafika uwanjani. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Kaleta gunia la dagaa, dumu la lita 20 la mawese na mkungu wa ndizi. Namwonyesha nafasi nyuma ya viti: mzigo mzito huko unahamisha uzito nyuma, pua inainuka, na ndege inakataa kutii. Anasikiliza hadi mwisho, halafu anafungua gunia na kupima kilo tano za dagaa kwa mkono wake. Vingine vitakuja kwa treni.

Saa 9 tunaondoka, upepo sasa unatukabili. Uwanja wa Kigoma uko chini kuliko wa Tabora na wawili tunabebeka, lakini natumia njia ndefu kuliko asubuhi. Karibu saa mbili na dakika arobaini na tano angani, nikisoma kipimo cha mafuta juu ya kila stesheni: Uvinza, Nguruka, Kaliua. Natua Tabora saa 12 kasoro robo, jua bado lipo.

Saa 12 na nusu. Nafungua kifuniko cha injini, napitisha tochi kwenye mabomba ya mafuta na ya maji yanayopoza injini. Klipu moja ya bomba la maji imeanza kulegea. Naiandika kwenye daftari la ndege na kufunga utepe mwekundu kwenye panga boi. Kesho, kabla ya yote, klipu mpya.