Siku Ambazo Hospitali Haikuziona

Barua iliingia vuli ya mwaka 2018, wiki chache kabla mwanangu hajatimiza miaka 16. Tulikuwa tunaishi Coventry. Niliifungua nikiwa nimesimama mlangoni, mfuko wa viazi mkononi, maana huku Uingereza bahasha ya kahawia haiachwi mezani mpaka kesho. Ilisema kwamba DLA, ile posho ya ulemavu ya watoto aliyokuwa akiipata tangu ana miaka miwili, inafikia mwisho, na sasa inabidi aombe PIP, ambayo ni ya watu wazima. Aombe yeye, kwa jina lake. Miaka yote walikuwa wananiuliza mimi. Sasa wanamuuliza mtoto.

Mwanangu ana selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nayo, kwa hiyo wengi wenu mnaijua: maumivu yanayoingia bila hodi, homa, kulazwa, kuongezewa damu, vidonge asubuhi na jioni. Alipofika miaka 14 likaongezeka jingine. Mfupa wa nyonga ya kushoto ulianza kufa kwa kukosa damu, na tangu hapo mguu ule ukawa hauinami.

Nilidhani tuna ushahidi wa kutosha. Nilikuwa na faili la kijani, nene, lenye kila barua ya hospitali tangu alipokuwa mchanga. Nikalipeleka maktaba, nikatoa nakala za kurasa 61. Fomu yenyewe ilikuwa na kurasa zaidi ya 30, na tulipewa mwezi mmoja tu kuirudisha.

Ile fomu haiishii kuuliza unaumwa nini. Inauliza hasa kama unaweza kujipikia chakula cha mtu mmoja, kuoga, kuvaa, kutembea mita ngapi. Kila jibu lina alama zake. Upande wa maisha ya kila siku ukifikisha 8 unapata kiwango cha kawaida, 12 kiwango cha juu. Na tatizo lazima liwepo zaidi ya nusu ya siku zako. Mimi nilijaza kwa kifupi, na kila nilipochoka niliandika: tazama barua za daktari.

Siku ya tathmini, Januari, Mungu alimjalia akaamka vizuri. Alivaa shati lake jeupe. Ndani kulikuwa na msichana na kompyuta yake, umri wa dada yake mkubwa hivi. Akamuuliza, unaweza kuvaa mwenyewe? Mwanangu akajibu, ndiyo. Unaweza kupika? Ndiyo. Nilitaka kusema neno, akaniwekea mkono gotini. Kijana wa miaka 16 atamwambia vipi msichana kwamba anavishwa na mama yake?

Tukapewa alama 3. Barua ya uamuzi ilieleza kwamba aliingia chumbani bila fimbo, na kwamba kwa mujibu wa barua za hospitali alilazwa mara tano mwaka uliopita. Usiku ule nikakaa na faili la kijani, nikajumlisha siku zote alizolazwa. Zilifika 31. Mwaka una siku 365. Ushahidi niliouhifadhi kwa miaka kumi na sita, niliopanga foleni mashine ya nakala nikilipa senti kwa senti, ndio uliosema kwamba mwanangu ni mzima kwa miezi kumi na moja.

Posho ile ilikuwa pauni 57.30 kwa wiki, na nyingine 22.65 za usafiri. Ikisimama yake, na yangu ya kumtunza nayo inasimama. Nikarudi kwenye kazi ya usafi wa jioni.

Tuliomba uamuzi uangaliwe upya, tukakataliwa. Iliyobaki ilikuwa rufaa. Ilikuwa Mei. Siku ya kliniki nilimwonyesha barua sista wa selimundu, mama mmoja anayemjua mwanangu tangu ananyonya. Akaisoma mpaka mwisho, akavua miwani.

"Sisi tunamwona akiwa amezidiwa," akasema. "Barua zetu zote ni za siku hizo. Siku zilizobaki yuko kwako. Nani amewaandikia kuhusu hizo?"

Sikuwa na jibu. Hakuna aliyewaandikia.

Akaahidi kuja nyumbani aone mwenyewe, kisha aandike barua ambayo haitataja kiwango cha damu ila kile anachoweza na asichoweza kufanya. Mimi akanituma ninunue daftari.

Hapa niseme jambo. Mimi nimezaliwa Tanga. Kwetu ubaya wa mtoto hautamkwi ovyo. Bibi yangu angenisikia angesema unamchuria mwanao. Ukiulizwa hali yake unajibu hajambo, alhamdulillahi, hata kama umekesha naye. Kuketi kila usiku kuandika kwa mkono wangu kwamba mwanangu hawezi hiki, hawezi kile, kulinitia hofu ambayo sikuweza kumweleza sista. Mara mbili nililifunga daftari bila kuandika kitu.

Lakini niliandika. Jumanne: soksi na suruali, mimi. Nimemshika kuingia na kutoka kwenye beseni la kuogea. Sufuria ya wali nimeiepua mimi, alishindwa kusimama jikoni. Jumatano: vilevile. Alhamisi: maumivu tangu saa kumi alfajiri, hakwenda shule.

Soksi ndizo nilizokuwa sijawahi kuzitaja popote. Kila asubuhi, saa moja kasoro, anafunga mlango wa chumba ili wadogo zake wasituone. Anasimama ameegemea kabati, mkono wake begani kwangu. Mimi napiga magoti, naikunja soksi nyeusi ya shule mpaka kwenye vidole, naipitisha kisigino, naivuta. Kwanza mguu wa kushoto, ule usiopinda. Hatuongei. Anatazama dirishani mpaka nimalize kamba za viatu. Miaka miwili tulikuwa tunafanya hivyo, na kwangu ilikuwa kama kuswaki, hata haikunijia akilini kuwa ni ushahidi.

Zilipotimia wiki nne, nililiweka daftari mbele yake. Rufaa ni yake, jina ni lake, sikutaka lipite bila yeye kulisoma. Alisoma pale mezani, kichwa ameinamisha, masikio yamemwiva.

"Mama, lazima waone haya yote?"

"Lazima, baba."

Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akaomba kalamu. Akafungua ukurasa wa Jumamosi moja, akakata mstari wangu, akaandika juu yake kwa Kiingereza: nilivaa mwenyewe. Akaenda mbele, akakata mwingine, na mwingine. Siku tatu kati ya 28. Nilitaka kumzuia, maana tulihitaji kila siku tuliyoweza kuipata. Nikamwacha. Zilikuwa siku zake.

Tulifika mbele ya baraza la rufaa mwezi Novemba 2019. Walikuwa watu watatu nyuma ya meza ndefu: jaji, daktari, na mtu wa tatu anayejua ulemavu kwa uzoefu. Jaji alikuwa na upole wa kumfanya mtu apate pumzi. Daktari, mzee mwembamba, alifungua nakala ya daftari letu mahali penye makato.

"Mwandiko huu ni wa nani?"

"Wangu," mwanangu akasema.

"Kwa nini ulikata?"

"Kwa sababu siku hizo niliweza. Mama alikosea."

"Na hizi ambazo hukukata?"

Mwanangu akatazama viatu vyake. Nilijua anachokitafuta pale chini. Nikabana mikono yangu mapajani nisimjibie.

"Hizo alipatia," akasema. "Hata leo amenivalisha yeye."

Daktari akaandika kitu. Akamuuliza habari za kuoga na za jikoni, na safari hii hakuna "ndiyo" za haraka. Alieleza vizuri kuliko mimi, na kuliko kurasa zangu 61.

Tulisubiri kwenye korido kama dakika ishirini, kisha wakatuita. Alama 10: nne za kupika, tatu za kuoga, mbili za kuvaa, moja ya dawa. Kiwango cha kawaida, na malimbikizo ya tangu mwanzo. Upande wa kutembea hatukupata kitu. Jaji alieleza sababu, na tuliikubali.

Nje mvua ilikuwa inanyesha. Kwenye kibanda cha basi kulikuwa na watu saba au wanane, wengine wanafunzi wa rika lake na mifuko yao mgongoni. Kamba ya kiatu chake cha kushoto ilikuwa imefunguka. Niliiona nikanyamaza, nikijua atangoja tufike nyumbani, afunge mlango.

"Mama," akasema, "kamba."

Akanyoosha mguu. Nikaweka mkoba chini, nikapiga magoti.