Fundi wa Nguo Alijua Kabla ya Mizani

Hapa Lubumbashi mtu akinenepa anasifiwa, akikonda anahojiwa. Mwanamke aliyeolewa akianza kupungua, majirani wanamgeukia mume: huyu bwana anamlisha mkewe kweli? Wengine wananong'ona juu ya ule ugonjwa usiotajwa. Kwa hiyo nilipoamua kuacha bukari, yaani ugali wetu, mkate na sukari, sikumwambia mtu yeyote nje ya nyumba yangu. Kilo zilitoka polepole mno, na mwanzoni jambo hilo liliniudhi. Baadaye nikaona kwamba zingetoka kwa haraka, familia nzima ingeitisha kikao juu yangu na mwezi wa tatu haungefika kabla sijarudishwa kwenye sahani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Katuba. Nilikuwa na kilo 104, magoti yakiniuma kila nikipanda ngazi, na vipimo vya zahanati vilionyesha sukari ya damu imeanza kupanda, ingawa haijafika kwenye kisukari. Docta hakuniandikia dawa. Alisema tu, “Mama mwalimu, anza na sahani.” Nilimwelewa. Unga wa mahindi, karibu robo tatu ya uzito wake ni wanga, na wa muhogo unapita hapo. Sisi tunakula bukari mchana na usiku, asubuhi mikate ya mafuta na chai yenye sukari vijiko vitatu. Ukiongeza bia moja ya Simba Jumamosi, hesabu imekamilika.

Chakula chenyewe hakikunisumbua kama watu wanavyodhani. Katanga imebarikiwa kwa mboga. Bukari ni ya kuzisindikiza tu, nami niliamua mboga ziende peke yake. Mchana matembele au lengalenga, yaani mchicha, na ndakala, dagaa wetu. Usiku samaki mpiodi wa kuchoma, au makayabu, samaki wa chumvi, niliyoyaloweka usiku kucha hadi chumvi itoke, au samaki wa Kasenga siku ya mshahara. Sombe, yaani kisamvu, nakula bila wasiwasi, maana wanga wa muhogo umekaa kwenye mzizi, si kwenye jani, ila mafuta ya mawese nayapima kwa kijiko: kijiko kimoja cha mezani kina kalori kama 120, na sisi tumezoea kumimina. Mayai, avoka. Mvua zikishika, uyoga unaouzwa kando ya barabara ya Likasi. Na vinkubala, wale viwavi wetu! Vikikauka, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Ukivikaanga na kitunguu na nyanya unashiba mpaka kesho. Karanga nazipenda kupita kiasi, kwa hiyo nazipima kwa kikombe cha mtoto, na kikiisha, zimeisha.

Gharama? Samaki na mayai ni ghali kuliko unga, sitadanganya. Lakini unga nao, Zambia ikizuia mahindi kutoka, unapanda hadi mama unashika kichwa. Na bukari naendelea kuisonga kila siku, kwa sababu baba watoto na watoto hawajaombwa kufuata dayeti yangu.

Majuma ya kwanza mizani ilishuka kilo nne hivi. Nilikuwa natembea kwenye korido ya shule kama bibi harusi. Mdogo wangu, anayesoma udaktari UNILU, chuo kikuu cha hapa Lubumbashi, ndiye aliyenipunguzia furaha. “Yaya, hayo mengi ni maji.” Akanieleza kwamba mwili unaweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, wanaiita glikojeni, na kila gramu ya akiba hiyo inashikilia kama gramu tatu za maji. Ukiacha bukari, akiba inatumika, maji yanaenda chooni, na mizani inakupigia makofi. Mafuta yenyewe hayana haraka hiyo.

Hakukosea. Baada ya hapo mizani ilisimama. Kisha ikashuka nusu kilo, ikapanda kilo nzima, ikarudi. Nilikuwa napanda juu yake kila asubuhi kabla ya chai, na hasira ya mizani nilikuwa naibeba hadi darasani. Watoto wa darasa la nne hawana kosa lolote katika habari ya tumbo langu. Usiku nikila makayabu, asubuhi nimepanda, kwa sababu chumvi inashika maji. Siku zangu za mwezi zikikaribia, nimepanda. Nisipoenda haja vizuri, nimepanda. Kumbe namba ile ya asubuhi ilikuwa inanisimulia habari za jana jioni, nami nikiisoma kama habari za mwaka.

Mdogo wangu akaniletea hesabu nyingine. Mwaka 2018 watafiti wa Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya watu 609 waliofuatwa miezi 12, kundi moja likipunguza wanga, jingine likipunguza mafuta. Waliopunguza wanga walipoteza wastani wa kilo 6. Waliopunguza mafuta kilo 5.3. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba hawakuihesabu kuwa ushindi kwa upande wowote. Na ndani ya kila kundi kulikuwa na waliopoteza kilo zaidi ya 20, na wengine walioongezeka. Niligawanya kwa chaki kwenye ubao baada ya watoto kwenda nyumbani: kilo 6 kwa miezi 12, nusu kilo kwa mwezi. Nusu kilo! Na mimi nilikuwa nalia kwa sababu juma limepita bila kitu.

Alinisimulia pia juu ya Mwingereza William Banting, mshughulikia mazishi wa London, ambaye mwaka 1862 alikuwa mnene hadi alishuka ngazi kinyumenyume ili asiumize magoti, na kuinama kufunga viatu hakuweza. Daktari wake, Harvey, alimkataza mkate, sukari, bia na viazi. Kwa mwaka mmoja na siku chache alipungua kama kilo 21. Aliponiambia hivyo nilicheka, maana ni kama gramu 400 kwa juma, na mtu huyo alisifiwa hadi jina lake likageuka kuwa kitenzi cha Kiingereza. Zaidi ya karne moja na nusu imepita, na mwili wa binadamu haujaongeza mwendo. Habari ya magoti ndiyo iliyonigusa zaidi.

Nikampa mdogo wangu mizani aende nayo chumbani kwake, na tukakubaliana nipime mara moja kwa mwezi, kila siku zangu zikishakwisha, asubuhi, kabla ya kula. Mtu anayeweka pesa kwenye likelemba, mchezo wetu wa kupeana pesa kwa zamu, hamfuati mweka hazina kila alfajiri kumuuliza zamu yake imefika wapi.

Lakini mwezi ni mrefu, na moyo unataka kitu cha kushika katikati. Hapo ndipo alipoingia fundi wangu wa Kamalondo. Yeye ana daftari. Kila mteja ana ukurasa, tarehe na vipimo. Mwezi wa tatu shule yetu ilinunua vitenge vya tarehe 8, Siku ya Wanawake, nikaenda kushonewa libaya, yaani blauzi. Akazungusha futi kiunoni, akatazama daftari, akazungusha tena. “Mama mwalimu, ama umepungua, ama mimi nilikosea mwaka jana. Na mimi sikosei.” Kiuno kilikuwa kimeshuka kutoka sentimita 114 hadi 108, katika kipindi ambacho mizani ilikuwa imeganda kwenye 98. Tangu siku hiyo yeye ndiye mpimaji wangu. Anabana libaya kwa pembeni, robo kwa robo, na kitambaa hakikati, anakikunja ndani. Nilipomuuliza kwa nini, akajibu kwa heshima zote kwamba wateja wanaokonda huwa wanarudi. Nilikasirika kidogo. Hata hivyo fundi ana watoto wa kulisha, na anajua biashara yake.

Kwa sababu nguo zilibanwa polepole pamoja na mwili, hakuna aliyegundua kwa muda mrefu. Nilionekana tu mtu ambaye nguo zake zinamkaa vizuri.

Mtihani mkubwa ulikuwa Jumapili kwa mama mkwe, Rwashi. Kwake kukataa bukari ni kumkataa yeye. Sikumwambia habari ya dayeti. Nilinawa mikono, nikachukua tonge dogo la kwanza ili aone, halafu nikajaza mboga, nikaisifu mboga, nikaomba nyingine. Mama anayeombwa mboga mara ya pili hahesabu matonge. Kwenye kilio ni rahisi zaidi: sahani inakuja imejaa, watoto wako kila upande, unawagawia. Munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, ndiyo iliyonishinda kuikataa kwa maneno. Nilikuwa naishika mkononi mpaka watu waanze kuondoka.

Kiangazi ndicho kilichonipima kweli. Mwezi wa sita na wa saba usiku ni baridi, uyoga hamna, lengalenga imekauka na bei imepanda. Mizani haikushuka hata kidogo, na safari hii hata daftari la fundi halikubadilika. Mdogo wangu alisema ni kawaida: mwili uliopungua kilo kumi unatumia nguvu kidogo kuliko ule wa zamani, kwa hiyo sahani iliyokupunguza mwanzoni sasa inakushikilia tu pale ulipo. Nilikuwa na njia mbili, kula kidogo zaidi au kutembea. Sikupenda ya kwanza. Nikaanza kurudi kutoka shule kwa mguu badala ya taksi-bisi, na kipimo cha sukari cha zahanati kiliporudi cha kawaida, nikaacha kuuliza kilo zimebaki ngapi. Mvua zilipoanza zikashuka tena mbili.

Sasa nina 91. Mama mkwe hatimaye aliona, akanivuta jikoni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ninaumwa. Nikamweleza yote. Hakukasirika, alitaka aanze siku hiyo hiyo, kwa sababu na yeye ana sukari. Hapo nilimzuia. Yeye anameza glibenclamide kila asubuhi, na dawa hiyo inashusha sukari iwe amekula bukari au hajala; akiacha wanga ghafla na vidonge vikabaki vilevile, anaweza kuanguka. Nimemwambia tutaenda zahanati wote wawili, docta apange vidonge kwanza. Ameshachagua siku, Jumatano, na ameniagiza nimletee vinkubala.