Tafakari ya Ijumaa: Jina halimo kwenye orodha, je Mola amekudhalilisha?

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh ndugu zangu na wanangu. Wiki hii tukae na Suratul Fajr, aya ya 15 mpaka ya 20. Sura hii watoto wa madrasa wanaisoma hata usingizini, imo kwenye juzuu amma, lakini sisi wakubwa tunaipita mbio mbio na hapo katikati kuna maneno yanatuhusu sana, hasa saa hii ambapo majina ya kazi za serikali yametoka na kuna vijana wetu hapa Amu, yaani Lamu, wametafuta jina lao kutoka juu mpaka chini na halimo, tena.

Aya zinasema binadamu Mola wake akimtahini kwa kumkirimu na kumneemesha husema, Mola wangu amenikirimu. Na akimtahini kwa kumpimia riziki yake kidogo husema, Mola wangu amenidhalilisha. Alafu linakuja jibu: Kalla. Sivyo kabisa. Na hiyo kalla haimrudi yule aliyenyimwa peke yake, inawarudi wote wawili, yule aliyepita akaona ndo kapendwa na yule aliyeanguka akaona ndo kachukiwa, wote wamesoma matokeo yao vibaya, manake aya imesema wazi kuwa wote wawili wanatahiniwa na hakuna hata mmoja aliyemaliza.

Kuna kijana mmoja, simtaji na tafadhali msianze kumtafuta, ana shahada yake nzuri na kila tangazo likitoka anaomba. Anaitwa kuandika mtihani, mara nyengine anafika mpaka kwenye intavyuu ya mdomo, na hapo inakatika. Nyinyi mnajua mtu wa Amu akiitwa Nairobi ni safari ya namna gani, uvuke Mokowe alfajiri na mapema, upande basi, Witu, Garsen, ushinde njiani, ulale kwa jamaa chini kwenye mkeka, asubuhi unaingia ukumbini na shati limekunjika unakaa ubavuni mwa mtu aliyetoka kwake kwa matatu moja tu. Nauli yenyewe ni mchango wa ukoo mzima. Kwa hivyo akirudi mikono mitupu anajiona kawarudisha wote mikono mitupu. Lakini mimi kilichonishtua sio kuanguka, watu wanaanguka, kilichonishtua ni siku aliponiambia, "Mama, mimi naona Mola hanitaki, ningekuwa mtu wake angeshanifungulia." Na alikuwa ameshaacha kwenda kusali jamaa msikitini, anaona haya watu watamuuliza habari za kazi.

Sasa hayo si ndo maneno ya aya ya 16 yale yale? Na hayakutoka kwake, tumemfunza sisi. Mtu akipita tunasema mashallah huyu ana radhi za wazee. Akianguka tunanong'ona, labda kuna kitu, labda hakuwaaga wazee, labda kuna jicho, huyu amefungwa, mpelekeni akatazamwe. Jicho ni kweli, Mtume wetu s.a.w. amesema hivyo, na kisomo mimi mwenyewe nawasomea wangu kila magharibi. Lakini jamani kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa mtu akanyweshwa, halimfundishi mtu hesabu za asilimia! Mtihani unauliza asilimia, unauliza ufahamu, unataka insha iandikwe kwa dakika zilizohesabiwa, unauliza katiba, na kijana wetu kwa kukiri kwake hajawahi kuandika hata insha moja nyumbani kwa saa, anasoma notisi kwenye simu akiwa amelala, kila mara vile vile, alafu tunamtafuta mchawi.

Hii ya kuona mtihani wa kazi ni hukumu kutoka mbinguni sio mchezo, imewahi kuchoma nchi nzima. China ya zamani ilikuwa na mtihani wa kuingia kazi za mfalme, ulidumu kama miaka 1,300 mpaka ukafutwa 1905, na watu walikuwa wakizeeka wakiurudia. Mmoja wao, Hong Xiuquan, aliufanya kule Guangzhou akaanguka mara baada ya mara, kuanguka kumoja akaugua akaona ndoto, baadae akaja kudai yeye ni ndugu mdogo wa Nabii Isa, audhubillah, akaongoza vita vya Taiping kutoka 1850 mpaka 1864 na wakafa mamilioni ya watu. Sisemi kijana wetu ataanzisha vita hapo Mkunguni, nasema moyo uliovunjika kwa namna hii usiuchezee. Na leo hii India mtihani wao wa utumishi wa umma una hatua tatu, laki za watu wanakaa ile ya kwanza na nafasi mwishoni ni kama elfu moja, na mtu wa kawaida, asiye wa makundi yanayopewa nafuu, anaruhusiwa kuujaribu mara 6 tu kabla umri haujampita, Pakistani ni mara 3. Serikali ina haki yake kuweka hesabu. Lakini ikikwambia nafasi zako zimekwisha imekwambia habari ya kazi moja tu, haijakwambia habari ya cheo chako kwa Mola, hiyo hawana.

Basi afanye nini mtu aliyeanguka? Mtume s.a.w. ametufundisha katika hadithi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Abu Hurayra, muumini mwenye nguvu ni bora na anapendeza zaidi kwa Allah kuliko muumini dhaifu, na wote wana kheri, fanya pupa kwa linalokufaa, utake msaada kwa Allah na wala usilegee, na likikupata jambo usiseme lau ningefanya hivi ingekuwa hivi, sema Allah amekadiria na alitakalo hulifanya, kwani lau inafungua kazi ya shetani. Tazama mpangilio wake. Pupa imetangulia, alafu dua, alafu usilegee, na kadari imekuja mwisho baada ya jambo kupita. Sisi tunaigeuza, tunaanza na kadari kabla hata mtu hajanunua kalamu.

Na hiyo lau kuna wanaoifahamu vibaya wakadhani hata kukaa chini kutazama ulikosea wapi ni haramu. Lau iliyokatazwa ni ile ya kujila moyo. Nahodha akikwama pale Mkanda kati ya Manda na bara kwa sababu maji yametoka hakai kulia kuwa bahari inamchukia, anajua kapita saa mbaya, anangoja maji yajae na safari nyengine anatazama bamvua na maji mafu, yaani siku za maji makubwa na za maji madogo, kabla hajafungua kamba. Basi na wewe ukirudi andika pale pale, wakati bado unakumbuka, maswali gani yalikuja, lipi lilikula muda, kwenye mdomo walikuuliza nini ukababaika. Mpe mtu mwengine asome, na awe mtu atakayekwambia kweli, sio mamako.

Alafu asubuhi. Mtume s.a.w. ameuombea umma wake baraka katika asubuhi yao, na nyinyi mnajua kaskazi yetu, ikifika saa nne hewa imeshakufa, huwezi kusoma kitu chochote ukafahamu. Ukishasali alfajiri usirudi kulala, kaa na kalamu na saa uandike insha moja kwa mkono, sio kwa simu. Katiba ya 2010 inapatikana bure mtandaoni, ishushe, soma ibara ya 10 ya tunu za taifa na ibara ya 232 ya utumishi wa umma, ukiulizwa ujibu kama mtu aliyeisoma sio kama mtu aliyeisikia redioni. Hiyo 232 yenyewe inasema kuajiri kuwe kwa ushindani wa haki na sifa, na pia jamii zote za Kenya ziwakilishwe, kwa hivyo anayeuliza kwanini watu wa Lamu ni wachache ofisi fulani hajakosa subira wala hajakufuru, anauliza haki yake. Na ile dua, Allahumma la sahla illa ma ja'altahu sahla, yaani ewe Mola hakuna jepesi ila ulilolifanya wewe kuwa jepesi, isome ukiingia, ni dua nzuri sana, inakuja juu ya kazi uliyoifanya.

Lakini nilitaka tufike mbele, manake hapa ndo aya zinageuka na mimi kila nikisoma nashtuka. Baada ya Kalla Mola hamfariji yule aliyenyimwa, hamwambii subiri utapata. Anatugeukia sisi: bali nyinyi hamumkirimu yatima, wala hamuhimizani kulisha maskini, na mnakula urithi kwa ulaji wa pupa, na mnapenda mali pendo la kupita kiasi. Yaani tumeuliza kwanini fulani kadhalilishwa, tukajibiwa, nyinyi mumemkirimu vipi?

Na urithi huo, wallahi. Nimesikia ya nyumba moja, kiwanja cha marehemu baba kimeuzwa, ndugu wa kike hawakuulizwa na sehemu yao imo ndani, pesa zikapelekwa kwa mtu anayesema anajua mtu ofisini atamuingiza kijana. Mtu huyo simu yake haipatikani. Lakini hata angepatikana, hata kijana angeingia, ni kitu gani hicho tumemnunulia? Mtume s.a.w. amemlaani mwenye kutoa rushwa na mwenye kupokea, wote wawili, na sheria ya nchi ya rushwa ya mwaka 2016 nayo inawafunga wote wawili hadi miaka 10. Tume ya Utumishi wa Umma haitozi pesa kuomba kazi wala kuitwa. Mtu akikwambia leta kidogo ya faili, huyo mwizi au ni mla rushwa, na mshahara utakaotoka hapo utalisha watoto miaka yote hiyo. Bora mara mia kuanguka. Najua maneno haya kuna watakaokasirika, hawa wanaosema dunia ya sasa haiendi bila kitu kidogo, mimi nawaambia someni aya ya 19 alafu tuzungumze.

Kumkirimu mtu aliyeanguka basi ni kazi yetu na ni kazi nyepesi. Usimuulize barazani mbele ya watu. Usimtolee mfano wa mtoto wa fulani aliyeingia benki. Akija msikitini msalimie kama zamani umuache asali. Kama wewe umestaafu serikalini, na tunao wengi hapa Mkomani na Langoni, walimu, makarani, mahakimu, mkalishe saa moja umuulize maswali ya intavyuu kwa ukali mpaka azoee, hiyo ni sadaka ya elimu na haikugharimu hata kikombe cha kahawa.

Nimalizie na ombi. Vijana saba wamekubali kusoma pamoja baada ya alfajiri mpaka saa mbili na nusu, wasichana watatu na wavulana wanne, watakaa mbali mbali na mtu mzima atakuwepo. Tunayo meza. Hatuna pahali, nyumba zao zina watoto na kelele. Mwenye ukumbi wa chini au sebule yenye taa na kimya asubuhi aniambie kabla ya Jumapili, na mwenye pasti pepa za mitihani hii hata kama ni kuukuu asizitupe, amtume mtoto aniletee. Jumaa Mubarak.