Siku tatu kwenye kambi ya farasi, msitu wa Hoosier

Nimerudi tangu ijumaa na jaketi langu bado lanuka moshi na nyasi kavu, na sijataka kulifua. Nilikua nishaahidi hapa kwamba siku nikipata ofu ya siku tatu mfululizo nitaenda kulala msituni, bas mwezi huu wa kumi nimeipata, nikaenda, na wala sikuenda kwenye ile kambi ya watu wengi yenye mziki na taa za rangi, nilienda kwenye kambi ya farasi.

Ilivyokua ni kwamba kazini kuna mama mmoja mtu mzima ana farasi wawili, kila mara wakati wa lanchi tunaongea, mi namuelezea punda wa Lamu yeye ananielezea farasi wake, tukajikuta tumekua marafiki. Mi nimezaliwa Lamu, mtaa wa Langoni, nimekua napishana na punda kwenye vichochoro, babu yangu alikua na punda watatu wa kubebea mchanga na mawe ya kujengea, kwa hivyo mnyama wa kwato si mgeni kwangu. Lakini farasi? Farasi nilimuona kwa karibu mara ya kwanza nishakua mtu mzima. Kwetu farasi hawakuenea zamani manake bara kulikua na mbung'o, na kuna ule ugonjwa wa farasi unaoletwa na visubi unaowaua haraka sana, punda ndo anavumilia. Bas yule mama akaniambia njoo twende wote, mimi na farasi wangu, wewe na mwanao na hema lenu. Nikasema naam.

Kambi yenyewe inaitwa Blackwell, iko Indiana kusini, Marekani, ukitoka mji wa Bloomington washika barabara ya 446, wavuka ziwa Monroe kwa ile barabara iliyopita katikati ya maji (simamisha gari hapo kama ni asubuhi, ukungu unakua umelala juu ya maji kama kule kwetu alfajiri kabla madau hayajatoka), halafu wakata kushoto kidogo juu ya mlima barabara ya Tower Ridge. Hakuna kubuki, anayewahi ndo anayepata. Sisi tulifika jumatano mchana, na hilo ndo la kwanza nakuambia ukitaka utulivu, nenda katikati ya wiki, tulikuta trela mbili tu na uwanja wote mtupu.

Usifikirie kambi ya farasi ni kama kambi ya kawaida halafu kuna farasi. Mpangilio wote umemfikiria yeye kwanza. Uwanja ni wa nyasi, mpana, kwa sababu pikapu inayovuta trela ya farasi ni ndefu na kugeuza kwenye kona nyembamba ni balaa, kuna fito za kufungia farasi, vyoo ni vile vya shimo, na njia za kupanda zaanzia hapo hapo kwa hivyo mtu anatandika tandiko anaondoka. Maji tulibeba wenyewe. Na hapa nilishangaa kweli, farasi mmoja anakunywa lita 20 mpaka 40 kwa siku, sasa piga hesabu farasi wawili siku tatu, na yule mama aliyabeba maji ya kutoka nyumbani kwake kwenye pipa kubwa kwa sababu farasi wengine wakionja maji wasiyoyajua wanakataa kunywa, na farasi asipokunywa tumbo linasokota, na tumbo la farasi likisokota anaweza kufa. Nilimkumbuka babu, alikua hamuachi punda alale kabla hajamuona kwa macho yake amekunywa.

Nyasi nazo alibeba marobota, farasi mkubwa wa kilo 500 anataka kama kilo 8 hadi 10 za nyasi kavu kila siku. Na alikua anazining'iniza kwenye wavu, sio kumwaga chini, ili zisichanganyike na mchanga.

Jioni ya kwanza nilitaka kusaidia, nikamshika kamba farasi mmoja nimfunge kwenye mti karibu na hema letu, naona mti mzuri, una kivuli. Yule mama akaja mbio taratibu (yaani ana mwendo fulani, anafanya haraka bila kukimbia, wote wa farasi nimewaona hivyo) akaniambia hapana, kamwe usimfunge farasi kwenye mti moja kwa moja. Kwanza atachimba kwa kwato usiku kucha mpaka mizizi ibaki nje, pili atatafuna gome, mti utakufa baada ya miaka miwili mitatu na hakuna atakayejua ni nani aliuua. Tatu, mti wenyewe ulikua mepo mwekundu (red maple). Majani ya mepo mwekundu yakishanyauka ni sumu kwa farasi, yanaharibu damu yake, na huu ni mwezi wa kumi, majani yenyewe yamejaa chini mazuri yanang'aa mekundu. Mi nlikua nimempeleka kwenye sumu kwa nia njema. Nilinyamaza kwa muda.

Wakitaka kuwafunga mbali na zile fito wanafunga kamba ya juu, kati ya miti miwili mikubwa iliyo salama, juu kupita kichwa cha farasi, na kwenye kila mti wanazungusha mkanda mpana ili kamba isikate gome. Halafu farasi anafungwa katikati ya ile kamba, mbali na shina, anaweza kugeuka, kulala, kula. Ni kitu chepesi lakini kina akili sana.

Sasa nije kwenye utulivu, manake ndo nilichokifuata.

Mi nilidhani utulivu utatoka kwa msitu. Kweli msitu una sehemu yake, ng'ambo ya barabara ndo linaanza eneo la Charles Deam, karibu eka 13,000, serikali ililitenga mwaka 1982 liachwe pori, na kwenye pori la namna hiyo hakuruhusiwi gari, pikipiki wala baiskeli, ni miguu yako au miguu ya farasi bas. Kwa hivyo hausikii injini. Lakini usiku wa kwanza nikaanza kuelewa kuwa utulivu wa pale kambini watu wanautengeneza wenyewe, na wanautengeneza kwa ajili ya farasi. Hakuna anayepiga mlango wa gari. Hakuna anayekimbia. Tochi zinaelekezwa chini. Mbwa wamefungwa. Ukipita karibu na farasi unaongea kwa sauti ya kawaida kabla hujafika, ajue wewe ni mtu, manake farasi anaona karibu pande zote lakini nyuma yake kabisa na mbele ya pua yake hapaoni, ukimtokea huko anashtuka na teke lake si la punda. Mwanangu ana miaka tisa, nyumbani huyu ni kelele tangu anaamka, pale baada ya masaa mawili tu alikua anatembea kama yuko msikitini. Sikumuambia mimi. Aliona watu wazima wote wanafanya hivyo.

Usiku wa pili ndo nilikosea. Tulikua tumefunga turubai juu ya sehemu ya kupikia, na mi ndo nilifunga upande wa nyuma, sikukaza. Saa nane usiku ukaja upepo. Turubai likaanza kupiga pa, pa, pa, na yule farasi mdogo akapiga mkoromo, nikasikia kwato zinazunguka, kamba inavutwa, farasi wa trela ya mbali nao wakaitikia. Nilitoka bila viatu. Yule mama alikua ashafika kwa farasi wake, hakupiga kelele, hakuuliza ni nani, alisimama ubavuni kwake akawa anaongea naye maneno ya pole pole huku mi na mwanangu tunashusha turubai lote chini na kulikunja. Ilichukua kama nusu saa mpaka yule farasi akashusha kichwa. Nikamuomba msamaha, akasema mnyama akishusha kichwa yameisha. Kutandika turubai karibu na farasi ni kukaza kila pembe, kila pembe, halafu uzunguke tena mara ya pili kabla ya kulala, na kama pana dalili ya upepo lishushe tu.

Baada ya hapo sikupata usingizi tena, nikakaa nje na blanketi. Baridi ilikua kali, nyasi zimeanza kushika barafu nyembamba. Bundi wakaanza kuitana, mmoja huku mmoja ng'ambo ya bonde. Kwetu bundi akilia juu ya nyumba ni uchuro, bibi yangu alikua anamfukuza kwa kurusha chumvi, na mi kusema kweli bado moyo hushtuka kidogo. Lakini nilikaa nikasikiliza, na farasi wawili wamesimama pale gizani wananyonya hewa na kuitoa, yaani pumzi yao unaisikia, nzito na ya taratibu, nikajikuta na mimi napumua hivyo hivyo. Farasi anaweza kusinzia amesimama, miguu yake ina namna ya kujifunga isikunjike, lakini usingizi mzito lazima alale chini, na hawezi kulala chini kama hajisikii salama. Karibu na alfajiri yule mkubwa akapiga magoti akalala. Baada ya fujo ile niliyowaletea. Sijui niseme nini ila nilifurahi mpaka machozi.

Alhamisi hiyo mchana, kabla ya usiku wa turubai, tulienda kwa miguu mpaka mnara wa Hickory Ridge, ule wa kuangalizia moto, una urefu wa futi 110 hivi, ulijengwa miaka ya 1930 na wale vijana wa CCC waliopewa kazi na serikali wakati wa ile dhiki kuu ya uchumi. Juu unaona miti mpaka macho yanachoka, mialoni na hikori, yote imegeuka njano na kahawia, na ukitazama hautaamini kwamba hapo palikua mashamba. Wazungu walifyeka vilima hivi wakalima, udongo wa juu mwembamba ukasombwa na mvua, watu wakashindwa wakahama, na serikali ikaanza kununua ile ardhi iliyochoka tangu 1935 na miti ikarudishwa. Njiani ukiangalia vizuri unakuta makaburi ya zamani katikati ya pori. Yule mama aliniambia machipuko, mwezi wa tatu au wa nne, unakuta maua ya njano yamejipanga mstari katikati ya msitu, hapo jua palikua na nyumba, na kuna mtu aliyapanda mbele ya mlango wake.

Kama hauna farasi na unataka kwenda, njiani ukikutana na waliopanda, wewe ndo unapisha. Toka upande wa chini wa mteremko, simama, wasalimie kwa sauti, usijifiche nyuma ya mti ukidhani unafanya adabu, mtu aliyejificha kwa farasi ni chui. Waliopanda nao wanatakiwa wawe na kibali cha njia. Kuni usibebe kutoka mbali, kuna mdudu wa kijani anayetoboa miti, kwa kiingereza emerald ash borer, aliyeonekana Michigan 2002 akaja kumaliza miti inayoitwa ash huku kote, na anasafiri ndani ya kuni za watu kama sisi. Na jikague kupe jioni, nyuma ya magoti na kwenye nywele za watoto, hata kukiwa na baridi.

Asubuhi ya kuondoka ni kusafisha. Samadi yote inakusanywa, nyasi zilizomwagika zinaokotwa, mashimo ya kwato yanafukiwa, mwanangu alipewa reki yake akafanya kazi kama analipwa. Nikampigia mamangu video, netiwaki ilipatikana pale juu barabarani, akawa anawaangalia farasi wanapanda kwenye trela.

Akaniuliza, "Na hao wabeba nini, mwanangu?"

Nikamwambia hawabebi kitu mama, watu wanawapanda tu kutembea msituni. Na yule mkubwa hata kupandwa hapandwi tena, ana miaka 24, magoti yameisha.

"Sasa kaja kufanya nini huko?"

Nikamwambia yule mdogo akija peke yake hali, halali, analia njia nzima, kwa hivyo mwenzake analetwa asimame naye.

Mama akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Babuyo angempenda mwenye farasi huyo." Akaniambia nimsalimie. Nikamsalimia.