Utando wa kuchuja chumvi: usiuue mapema

Visima vingi vya pwani, kuanzia Dar es Salaam hadi Mombasa, vina maji ya chumvi. Mtambo wa osmosisi kinyume, unaosukuma maji kupitia utando unaozuia chumvi, huyasafisha kwa presha ya baa 10 hadi 15 hivi. Maji ya bahari hudai baa 55 hadi 65, na bili ya umeme hupanda vilevile.

Inauma kuona utando mpya umekufa. Ule wa poliamaidi, aina ya plastiki, hauvumilii klorini. Ukiitia kwenye tangi, weka chujio la mkaa, kisha la matundu ya maikroni 5, ndipo utando. Klorini ikipenya, maji yanayopita utando huongezeka lakini yana chumvi, na hapo hakuna tiba ila kununua mwingine.

Maji safi yanayotoka yakipungua asilimia 10 kwa presha na joto lilelile, osha. Anza na alkali, pH (kipimo cha asidi na alkali) 11 hadi 12, iondoe ute wa bakteria, halafu asidi ya sitriki kwa ukoko wa chokaa. Ukitanguliza asidi, ute huganda na kung'ang'ania. Ute huteleza kidoleni kama bamia. Ukoko hukwaruza, na ukiudondoshea siki hutoa povu.

Mtambo ukizimwa, utando usikauke kamwe.