Ile Shilingi Kumi ya Ami

Jana binti yangu alimwona bibi yake akiosha kombe, ile dawa ya kunywa ya maandishi ya Kurani: sahani nyeupe, aya za zafarani, marashi ya waridi yakimiminwa hadi wino ukayeyuka. Akaniuliza, "Mama, yale maandishi ndiyo sasa yanafanya kazi?" Nikamwambia amuulize bibi. Akili yangu ilishaondoka, iko mezani kwa ami, pale Mkunguni, Lamu.

Nilikuwa nimemtengenezea ukurasa wa kupigia hesabu za mashua. Unaandika hesabu kisandukuni, unabonyeza, jibu linatoka. Kwa JavaScript, lugha ya kompyuta niliyoutengenezea ukurasa ule, "5+3" ya kisandukuni ni herufi tatu tu, kama jina la mtu. Mimi nikiyakabidhi maandishi hayo kwa eval, kitendaji cha lugha hiyo, nayo huyasoma kama amri na kuyatekeleza papo hapo. Mstari mmoja. Niliupenda sana mstari ule.

Ami akavaa miwani, akaandika kwa kidole kimoja: 050*12. Nauli hamsini, abiria kumi na wawili. Daftari lake lote ni tarakimu tatu tatu, safu zikae sawa. Sifuri ya mbele kwake ni adabu ya hesabu. Kioo kikatoa 480.

Hakusema kitu. Hesabu alishaipiga kichwani. Akavua miwani, akaipangusa kwa kikoi, akaivaa, akaandika tena. 480. Akajaribu 080*2, ikaja 160, sawasawa. Nje punda alikuwa akishushwa mawe, nami nikisikia kila jiwe likitua.

"Mwanangu," akasema taratibu, "kila kichwa kimepungua shilingi kumi. Zimekwenda wapi?"

Jibu nililipata usiku. Kwa eval ile haikuwa nauli, ilikuwa msimbo, maagizo ya kompyuta, na kwa kanuni ya zamani ya JavaScript sifuri ya mbele huifanya namba ihesabiwe kwa nane nane: 050 ni nane mara tano, arubaini. 080 ilinusurika kwa kuwa hesabu ya nane nane haina tarakimu ya nane, ikasomwa themanini ya kawaida. Lililonitisha zaidi ni kwamba chochote ambacho kingeandikwa mle kingetekelezwa, si hesabu peke yake. Nikaiondoa eval. Nikaandika kisomaji kinachokubali tarakimu na alama nne za hesabu tu, kila namba ikipitia Number, kitendaji kingine cha JavaScript, ambacho 050 huisoma hamsini.

Ami akaujaribu mara moja, akanishukuru. Lakini hadi leo hesabu ya jioni huianzia daftarini, tarakimu tatu tatu, na sijathubutu kumuuliza kama ni mazoea au ni ile shilingi kumi.