Kifua kilipona, moyo ukabaki unakwenda mbio

Corona ilinipata mwaka 2021, miezi ya kupuliza salfa kwenye mikorosho. Huku Newala ukikohoa wakati huo, kila mtu anakwambia salfa hiyo. Kipimo kikasema corona. Homa ikaisha, kikohozi kikaisha, kilichobaki ni moyo. Nikiinuka tu kwenye mkeka unakwenda mbio mpaka nausikia shingoni, macho yanaingia giza, nashika ukuta.

"Wifi, hiyo presha," akasema dada wa mume wangu. Zahanati wakapima, presha haikuwa juu.

Nikateremka Mtwara mjini, hospitali ya Ligula. Daktari akauliza, "Mama, uliumwa corona miezi hii?" Nikapimwa umeme wa moyo, eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), na damu kuangalia kama inaganda. Yote salama. Kisha akanilaza, akahesabu mapigo: 76. Akanisimamisha, akahesabu tena na tena: yakafika 118, presha ile ile. Akasema mapigo ya mtu mzima yakipanda 30 au zaidi ndani ya dakika 10 za kusimama, na presha haijashuka, basi neva zinazoongoza moyo na mishipa ya damu zimeyumba. Hutokea baada ya corona, na wanawake ndio wengi.

Kirusi cha corona hujishika kwenye kipokezi kiitwacho ACE2, yaani mlango wake wa kuingilia kwenye seli, kilichopo hata kwenye moyo na mishipa. Wapo wanaovimba misuli ya moyo, wanaoganda damu, wanaopata kiharusi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2022, kwa watu zaidi ya 150,000 waliowahi kutumikia jeshi na wakaugua corona, ulikuta hatari hizo zikiendelea hadi mwaka mzima, hata kwa wasiolazwa. Nilifarijika kujua si mawazo yangu.

Dawa yangu kubwa ikawa maji. Kwetu maji ni ya kununua kwa ndoo, lakini jagi langu halikuguswa na mtu: nakunywa bilauri mbili kabla ya kushuka kitandani. Chumvi nikaongeza kwa ruhusa ya daktari. Mwenye presha asiniige hilo. Nakaa kwanza ukingoni, nakaza misuli ya miguu, ndipo nasimama. Kuoga na kupika ni kwenye kigoda. Mazoezi nilianza nimelala chali, nikiinua mguu mmoja mmoja. Kutembea kukafuata, mlima mwisho kabisa.

Korosho zilinipa taabu, maana kuokota ni kuinama na kuinuka kutwa nzima. Tukagawana: watoto wanaokota, mimi nimekaa natenganisha korosho na mabibo. Msimu uliofuata niliokota mwenyewe, ila asubuhi tu, kabla ya jua kali.

Daktari alinionya pia: mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana, pumzi ikikata ghafla au nikizimia, hayo si ya kunywa maji na kupumzika. Niende hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe usiku.